Fomu Tano kwa Mtu Mmoja

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imeshuka leo saa mbili asubuhi, na kabla ya saa tano nilikuwa nimeshapokea watu wanne. Wawili wa pikipiki, mmoja wa ngazi, mmoja kagongwa na gari lililorudi nyuma bila dereva kutazama. Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Mwaka jana mvua zilipokwisha kikao kiliitwa, wakubwa wakaulizana kwa nini majeruhi wanacheleweshwa kupigwa picha, na kila mmoja akajibu "mvua". Mwaka huu naandika dakika.

Mimi ni mpiga picha wa mashine ya CT, ile kubwa yenye tundu la mviringo ambamo kitanda huingia na mtu juu yake. Niliingia hospitali hii na ndoo na dekio. Nilideki korido ya idara ya picha miaka sita, nikajifunza majina ya mifupa kwenye mabango ya ukutani nikiwa nimeshika mpini, nikasoma masomo ya jioni, nikafaulu, nikarudi kwa mlango uleule nimevaa koti jeupe. Hakuna aliyenishika mkono. Nikilalamika, silalamiki kwa kutojua kazi.

Lalamiko ni hili. Mashine inaweza kumpiga mtu aliyeumia kuanzia utosini hadi nyonga kwa mkupuo mmoja. Kumpandisha, kumfunga mikanda, kumtia dawa ya mshipani, kumpiga: dakika kumi na mbili. Lakini mkuu wa idara anataka fomu moja kwa kila kipande. Kichwa fomu, shingo fomu, kifua fomu, tumbo fomu, nyonga fomu. Ikikosekana moja, mtu anashushwa, anarudishwa alikotoka, anatafutiwa saini, analetwa tena. Wauguzi wamembatiza Fomu Tano. Yeye anadhani ni sifa.

Saa ya mashine bado iko mbele dakika kumi na sita tangu umeme ulipokatika Januari. Tumezoea: soma, toa kumi na sita. Fundi haji bila fomu, na mimi sijazi fomu ya kusogeza saa. Wafe nayo.

Alhamisi, 7 Machi

Majeruhi watatu. Kutoka mlangoni hadi picha ya mwisho: dakika 38, 44, 41. Mvua.

Jumanne, 12 Machi

Leo nimegombana na Mikono. Ndiye daktari mkuu wa upasuaji, mzee mwenye viganja kama sahani, anayeamini kwamba hakuna kilichomo tumboni mwa mtu ambacho vidole vyake haviwezi kukisoma. Ameletwa dereva wa lori, mweupe kama karatasi, presha inashuka kila ukiitazama. Nikatoka hadi korido: "Mleteni, chumba ni kitupu, mashine iko tayari."

"Haji kwako," akasema Mikono, tayari anasukuma kitanda mwenyewe kuelekea upasuaji.

"Daktari, utampasua bila kujua pa kupasua?"

"Binti, huyu ukimwingiza kwenye tundu lako atakufia humo. Pisha."

Nikapisha. Jioni nimesikia yuko hai. Bahati tu. Mtu wa karne hii anafanya kazi kwa kupapasa kama anayetafuta ufunguo gizani!

Nimemsimulia mume wangu nyumbani. Yeye ni fundi magari, hasira zangu anazisikiliza akiwa chini ya gari la mtu. Akatoa kichwa nje: "Na mimi nikitaka chai, nijaze fomu ngapi?"

"Sita," nikamwambia. "Ya sita ni ya sukari."

Alhamisi, 14 Machi

Mvua kutwa. Majeruhi watano. Wastani dakika 43.

Jumanne, 19 Machi

Nayaandika haya yote sasa hivi, kwa sababu najua wengine wataanza kuyasahau kesho.

Fundi rangi, miaka thelathini na kitu, aliteleza kwenye jukwaa la mbao ghorofa ya pili. Alikuwa na rangi ya samawati kwenye nyusi. Sista wa mapokezi ya dharura alimsukuma hadi kwangu na kuandika kwenye kitabu chake: saa nne na dakika tano. Fomu moja, ya kichwa, saini ya Mikono.

"Moja tu?" nikauliza.

"Moja. Mzee kampapasa tumbo, kasema laini. Kilichomtia wasiwasi ni kutapika."

"Kwa hiyo ghorofa ya pili kilianguka kichwa peke yake, mwili ukabaki juu unapaka rangi?"

"Mama Dakika, mimi leo ni msukuma kitanda. Kagombane na wenye kalamu."

Tukampandisha. Saa nne na dakika kumi, kwa saa ya ukutani, picha ya kichwa ilikuwa tayari. Safi kabisa. Nikaingia kumfungua mikanda, akanishika mkono wa koti.

"Dada, ubavu."

"Upi, kaka?"

"Huu wa kushoto. Unachoma mpaka begani."

Kushoto, chini ya mbavu, maumivu yanapanda begani. Aliyewahi kudeki mbele ya mabango yale miaka sita anajua kilichokaa pale. Bandama. Na bandama ikipasuka haipigi kelele, inavuja tu.

Mtu alikuwa juu ya kitanda. Sindano iko mkononi mwake. Mashine ina joto lake. Kilichobaki ni kubonyeza. Nikampigia Fomu Tano simu ya mezani saa nne na dakika kumi na moja. Ikaita mpaka ikachoka. Nikapiga tena saa nne na kumi na tano. Hakuna. Fundi rangi akasema tena, polepole, kama mtu asiyetaka kusumbua: "Dada, ubavu." Saa nne na ishirini na moja nikapiga tena, ikapokelewa.

"Umeletewa fomu ngapi?"

"Moja, mkuu, lakini mgonjwa mwenyewe anasema—"

"Mgonjwa ni daktari?"

"Hapana."

"Wewe je?"

"Mpiga picha."

"Basi piga moja, shusha, wengine wanasubiri."

Hakuna aliyekuwa akisubiri. Korido ilikuwa tupu, nilikuwa naiona hadi mwisho wake. Nikamshusha. Tulipokuwa tunamhamisha alisema mara ya tatu: "Ubavu bado, dada." Nikamwambia Sista amfikishie Mikono. Sista akaenda mbio, lakini Mikono alikuwa ameshaingia upasuaji na mtu mwingine, na mlango ule haufunguliwi kwa ajili ya ubavu.

Saa sita na nusu fundi rangi akaanguka kutoka kitanda cha kungojea. Hapo ndipo zilipokuja fomu nne kwa pamoja, wino haujakauka. Picha ilionyesha tumbo limejaa damu. Saa saba na dakika arobaini amefia mezani kwa Mikono.

Fomu tano amezipata. Zimetimia.

Jumatano, 20 Machi

Sikula.

Ijumaa, 22 Machi

Barua, yenye mhuri. Naambiwa nijieleze: mgonjwa alifika chumbani kwangu saa nne na dakika tano kwa mujibu wa kitabu cha Sista, na picha ya kichwa ilipigwa saa nne na dakika ishirini na sita kwa mujibu wa saa iliyoandikwa kwenye picha yenyewe. "Eleza kwa nini mgonjwa mahututi alilazwa juu ya kitanda cha mashine dakika ishirini na moja bila kupigwa picha." Na chini yake, maelezo ya Fomu Tano: kwamba nilimpigia baada ya picha, naye alipokea mara simu ilipolia.

Ishirini na moja toa kumi na sita ni tano. Dakika tano! Picha niliipiga kwa dakika tano, kisha dakika kumi nilikuwa nasikiliza simu yake ikilia ofisini. Saa ya mashine imezichukua dakika za uzembe wake na kunivisha mimi. Simu ya mezani haina kumbukumbu. Ni neno langu na lake, na yeye ana mhuri.

Kamati itakaa Aprili 23. Nikionekana nina kosa, ninafukuzwa, na kifo cha yule mtu kinaandikwa jina langu. Basi waje tu chumbani waitazame saa. Mtoto wa darasa la pili anaweza kuona kwamba ya ukutani na ya mashine hazipatani.

Jumatatu, 25 Machi

Fundi wa mashine alikuwa chumbani nilipofika leo. Ameshasogeza saa. Dakika kwa dakika na ya ukutani, safi kama picha ya kichwa cha fundi rangi.

"Nani kakuita?"

"Mkuu wako. Kanipigia jana."

"Alijaza fomu?"

Akacheka. "Ya nini? Ni saa tu, mama."

Nimekaa chooni dakika tisa.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua. Sista ananikwepa. Tukikutana koridoni anatazama viatu.

Jumatano, 3 Aprili

Sasa ni kinyume chake. Tangu msiba ule, madaktari wadogo wameingiwa na hofu, na wakubwa wametoa agizo la muda: aliyeumia yeyote, mwili mzima. Ndilo nililokuwa nalilia, siyo? Leo wameniletea mama aliyeteguka kifundo cha mguu kwenye ngazi za kantini. Kaja anatembea! Amebeba kiatu mkononi.

"Mwili mzima," daktari mdogo akasema bila kunitazama usoni.

"Kwa kifundo?"

"Ndilo agizo."

"Unajua mionzi ya mwili mzima ni sawa na mamia ya picha za kawaida za kifua? Huyu mama kakukosea nini?"

Mikono alikuwa anapita. Akaichukua fomu, akaisoma, akaichana vipande viwili, akampa kijana kila kipande mkono wake. "Umemuuliza aliangukaje? Umemgusa? Kaguse kwanza." Kisha akanigeukia. "Kumbe na wewe unajua kukataa."

Nimekuwa nikimchukia kwa raha sana.

Jumanne, 9 Aprili

Hakuna majeruhi. Jua limetoka saa moja nzima.

Jumanne, 16 Aprili

Nimeikuta njia, na imekuwa mbele ya macho yangu siku zote.

Kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza napiga picha ya chupa kubwa ya maji, kuhakikisha kwamba mashine inasema kweli. Nasaini kitabu cha mahudhurio pale mapokezi saa moja kamili, natembea koridoni, nawasha, napiga chupa. Dakika nne hadi nane, kutegemea mashine imeamkaje. Leo nimezichapa picha zote za chupa tangu umeme ulipokatika Januari. Hadi Machi 23, kila picha imeandikwa kati ya saa moja na dakika ishirini na saa moja na ishirini na nne. Kuanzia Machi 25, kati ya saa moja na dakika nne na saa moja na nane. Asubuhi zaidi ya hamsini upande huu, kumi na tisa upande ule, na katikati pengo la dakika kumi na sita. Au saa ilikuwa mbovu, au siku fundi alipokuja nami nilijifunza kukimbia.

Nikampelekea Mikono, maana yumo kwenye kamati. Alizipanga mezani kama karata, akazitazama kwa muda.

"Tangu Januari ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuripoti?"

"Ilihitaji fomu."

Hakucheka. "Binti, ukiipeleka saa, upeleke na uvivu wako. Vyote viwili. Ukificha kimoja watakikuta, na watakitumia kukuzika nacho."

Mimi! Miezi mitatu nawacheka watu wa fomu, na hii moja, mistari minne, nimeiacha kwa kiburi, na ndiyo iliyompa Fomu Tano mahali pa kujificha.

"Na mimi nina yangu," akasema. Akanyoosha kile kiganja, akakitazama kama kiatu kilichomchubua. "Tumbo lilikuwa laini saa tatu na nusu. Niliamini. Nilipaswa kurudi kulishika tena, sikurudi. Yule dereva wa lori damu ilikuwa inamwishia, hakuwa na muda wa picha. Lakini huyu wa rangi alikuwa nao. Huyu alikuwa wa kwako, mzima mzima, na mimi nilikuletea kichwa."

Jumanne, 23 Aprili

Kamati. Watu watano, meza moja, birika moja la chai, nami sikukaribishwa.

Nje ya mlango palikuwa na mwanamke mwenye kitenge kilichofifia. Aliniuliza kama mimi ndiye dada wa mashine.

"Ndiye mimi."

"Mume wangu alisema chochote?"

Kumbe ni mke wa fundi rangi. Nikamwambia alivyosema, mara tatu, na upande gani. Akatikisa kichwa. "Ndivyo alivyo. Hata nyumba ikiungua atasema 'samahani, kuna moshi'." Alisema "alivyo". Sikumsahihisha.

Ndani, niliweka picha zangu za chupa mezani, nikaeleza pengo. Nikaeleza na fomu ambayo sikuijaza. Fomu Tano akaruka: "Mnamsikia? Amekiri!"

"Nimekiri saa, mkuu. Wewe kiri simu. Na kiri aliyemwita fundi siku mbili baada ya barua, bila fomu, wewe unayetaka fomu ya kukohoa."

Mtu mmoja alipaliwa na chai. Mikono akaomba iandikwe kwamba kuagiza kichwa peke yake lilikuwa kosa lake. Mwenyekiti akasema, "Daktari, hatujafika huko." Mikono akasema, "Mimi nimefika."

Sista aliitwa. Aliulizwa kama alimsikia mgonjwa akilalamika. Akasema hakumbuki vizuri. Alikuwa anatazama viatu.

Jumanne, 30 Aprili

Ripoti imetoka, kurasa tatu. Saa ilikuwa na hitilafu. Hakuna mtumishi aliyezembea. Kifo kilitokana na "mazingira ya ajali". Mimi napewa onyo kwa kutoripoti saa, nabaki kazini kwa heshima. Kilichobaki ni saini yangu, ukurasa wa tatu.

Ukurasa wa pili, mstari wa tisa: "Mgonjwa hakueleza maumivu mengine akiwa chumba cha picha."

Nikausoma mara nne. Mwenyekiti akasema, "Huo mstari haukudhuru, mama. Unakulinda. Kama hakusema, hukusikia."

"Lakini alisema."

"Nani mwingine alisikia?"

"Hata kama hakuna! Mtu kaanguka ghorofa ya pili, kaniambia kwa kinywa chake pa kutazama, mara tatu, na nyinyi mnataka kumwandika bubu?"

"Ukikataa, faili linabaki wazi. Na onyo lako linaweza kuwa kitu kingine. Fikiri. Una siku saba."

Mume wangu kasoma ripoti akiwa na grisi mikononi, sasa ina alama ya dole gumba. Kasema, "Mke wangu, gari likija na mlio, mwenyewe akaniambia mlio uko wapi, nami nikaandika hakuna mlio, mimi ni fundi au mwizi?" Kisha akarudi chini ya gari.

Jumatatu, 6 Mei

Nimesaini. Lakini kwanza nilikata mstari wa tisa kwa kalamu na rula, nikaandika pembeni kwa mkono wangu: "Alisema mara tatu. Saa nne na dakika kumi, na kumi na tano, na ishirini na tatu. Ubavu wa kushoto, unachoma hadi begani. Nilimsikia, nikaomba ruhusa, nikanyimwa, nikamshusha." Neno la mwisho ndilo lililonichukua muda. Ningeweza kubonyeza. Wangenifukuza, yeye angekuwa anapaka rangi.

Mwenyekiti alisema nimeharibu waraka rasmi. Nikamwambia umeharibika tangu ulipochapwa.

Nikiwa natoka, Sista akaingia. Aliomba kalamu, akainama, akaandika chini ya maneno yangu: "Nami nilisikia." Herufi zimelala kama zimepigwa na upepo.

Jumatano, 8 Mei

Mvua nyembamba, kisha hakuna.

Ijumaa, 17 Mei

Mvua zimekatika. Hukumu imekuja na jua.

Mikono kaandikiwa barua ya onyo, kaibandika mwenyewe kwenye ubao wa idara yake. Fomu Tano kahamishiwa makao makuu, na cheo kimeongezeka. Nasema tena ili nisije nikadhani niliota: kimeongezeka. Mimi, kwa kuharibu waraka, nimeondolewa kwenye CT na kupelekwa chumba cha mwisho koridoni, kwa wagonjwa wa nje, kupiga picha za vifua. "Vuta pumzi. Shikilia. Achia." Mara sitini kwa siku. Miaka sita ya dekio na minne ya masomo, ili nimwambie mtu apumue.

Lakini fomu zimekuwa moja. Ameniletea Sista nakala leo mchana, kaificha kwenye aproni kama andazi la wizi. Ukurasa mmoja, majeruhi mmoja, saini moja. Daktari anaweka alama: mwili mzima, sehemu, au upasuaji moja kwa moja bila picha. Hiyo ya tatu ni mkono wa Mikono, naujua. Na chini kabisa kuna mstari mtupu unaojazwa na mpiga picha, na juu yake wameandika: "Mgonjwa anasema anaumwa wapi? Andika maneno yake."

"Mjane naye kapewa ripoti," Sista akasema. "Ile yenye maandishi yenu. Yetu."

Alipoondoka nikasikia kitanda cha CT kikiingia, ng'ambo ya ukuta. Nikahesabu bila kutaka. Kilikaa ndani, hakikutoka kati, hakikumrudisha mtu koridoni. Dakika kumi na tatu. Huyo mpya bado mzito kwenye mikanda.

Saa ya chumba hiki iko nyuma dakika mbili. Nimejaza fomu.